Ubuntu inasema kila kitu kiko apdeti lakini mimi nina wasiwasi, wataalamu wa Kusini njooni

mwl_shangani aliandika:

Habari zenu wakuu, kuchele. Naomba hili lisichukuliwe kirahisi maana linahusu kompyuta za wanafunzi.

Ni mwalimu hapa Mtwara mjini, nasimamia chumba cha kompyuta cha shule. Mashine zetu ni za msaada, zilikuja na Ubuntu 22.04 (mfumo endeshi wa Linux) imeshawekwa tayari, na zinafanya kazi vizuri tu, watoto wanajifunza kuchapa, LibreOffice, na wachache wameanza Python. Kila nikipata bando la kutosha nafungua terminali naandika sudo apt update halafu sudo apt upgrade, yani apt ile programu ya kushusha apdeti. Mwanzoni ilikuwa inashusha vitu kibao. Sasa hivi kila mashine inanijibu mistari ya Hit, Hit, Hit, halafu mwisho All packages are up to date. Hakuna kosa lolote, hakuna neno jekundu.

Sasa kuna kijana tuliyemsomesha hapa amekuja likizo na laptopu yake, Ubuntu hiyo hiyo 22.04, akaunganisha kwenye rauta yetu hiyo hiyo, akashusha apdeti nyingi mbele ya macho yangu. Nikaenda kwenye mashine ya pembeni yake, hakuna cha kushusha. Toleo moja, intaneti moja, majibu mawili tofauti. Na kinachonichanganya zaidi ni Firefox, yenyewe inapanda toleo kila mara kama kawaida, yani brauza ni mpya ila mengine yote yamelala.

Nifomati zote nianze upya au kuna namna?

jembe_masasi aliandika:

Mwalimu hiyo ni keshi imejaa takataka. Futa orodha za zamani: sudo rm -rf /var/lib/apt/lists/* kisha sudo apt update. Mimi huwa inanisaidia.

mwl_shangani aliandika:

Asante kaka, nimefanya kwenye mashine moja. Imeshusha orodha zote upya na imekula bando la kutosha, jibu ni lile lile kila kitu kiko apdeti.

fundi_ndoro aliandika:

Mwalimu shikamoo. Usifomati, na usifute tena hizo orodha, kwanza kuna ushahidi tunauhitaji humo ndani. Niko Lindi mjini, hizi kesi nakutana nazo sana kwenye laptopu zinazoletwa na watu wa vyuo na maofisini.

Alichosema jembe_masasi kinafanya kazi pale orodha iliyoko kwenye mashine yako imeharibika. Ya kwako haijaharibika, umeishusha upya na imerudi vile vile, maana yake tatizo liko huko inakotoka. Naomba uandike hizi mbili utuwekee majibu hapa, hazili bando kabisa:

grep -rh ^deb /etc/apt/
apt policy openssh-client

mwl_shangani aliandika:

Marahaba kijana wangu. Ya kwanza imetoa mistari minne ya deb, ya jammy (jina la toleo la 22.04), jammy-updates, jammy-backports na jammy-security, na yote inaanza na anuani ile ile moja, mira (seva yenye nakala ya programu za Ubuntu) ya chuo kimoja nje ya nchi (nimeificha jina, sio haki kuwasema hapa wakati walikuwa wanatoa huduma bure). Ya pili imetoa hivi:

Installed: 1:8.9p1-3ubuntu0.6
Candidate: 1:8.9p1-3ubuntu0.6

fundi_ndoro aliandika:

Hapo tayari nimeshaona mwalimu. Tarehe 1 Julai 2024 kulitangazwa shimo baya kwenye OpenSSH (programu ya kuingia kompyuta nyingine kwa mbali), walioligundua ni kampuni ya Qualys na wakalipa jina regreSSHion, namba yake CVE-2024-6387. Ubuntu walitoa dawa yake siku hiyo hiyo, na kwa 22.04 toleo lililozibwa linaishia na ubuntu0.10. Wewe mashine yako inaamini la juu kabisa duniani ni 0.6. Sio kwamba umekataa kuapdeti, ni kwamba mira yako haijawahi kuiambia mashine kwamba kuna 0.10.

Niwaeleze na wengine wanaosoma kimya kimya. Programu zote za Ubuntu zinakaa kwenye seva kuu, halafu vyuo, kampuni za intaneti na watu wa kujitolea duniani kote wanachukua nakala ya ghala zima wanaiweka kwenye seva zao ili watu wa karibu wasisafiri mbali, hizo ndizo mira. Kila baada ya masaa machache mira inatakiwa irudi kwa mkubwa wake ichukue vipya. Sasa siku diski ikijaa, au yule aliyekuwa anaihudumia akahama kazi, ule mchakato unasimama lakini seva inabaki imewaka. Ni kama duka ambalo mwenyewe ameacha kwenda kuchukua mzigo ila kila asubuhi mlango uko wazi na muuzaji yupo, ukiuliza anakujibu vizuri tu kwamba hakuna kipya.

Na lile neno Hit ndio linalopoteza watu wengi. Mtu anaona Hit anadhani apt imehakikisha kwamba yeye yuko apdeti. Hapana. Hit maana yake apt imeiuliza seva "hii faili imebadilika tangu nilipoichukua mara ya mwisho?" na seva ikajibu "haijabadilika". Mira iliyoganda itakupa Hit mpaka mwisho wa dunia na haijasema uongo hata mara moja.

Sasa piga hii uone tarehe za orodha zako, bado haili bando:

grep ^Date /var/lib/apt/lists/*InRelease

jembe_masasi aliandika:

Jamani na mimi nimepiga hiyo, Ubuntu 22.04 pia, anuani yangu ni archive.ubuntu.com, mstari wa kwanza unasema Aprili 2022!! Kwahiyo na mimi nimekufa miaka yote hii?

fundi_ndoro aliandika:

Tulia kaka, soma jina la faili kabla ya tarehe. Ile iliyoandikwa jammy peke yake ni ghala la siku toleo lilipozaliwa, lilitoka Aprili 2022 likafungwa hapo hapo, halitabadilika tena na ni sawa kabisa. Apdeti zote zinakuja kwenye jammy-updates na jammy-security. Hizo mbili ndio za kuangalia, zinabadilika karibu kila siku. Zako zinasemaje?

jembe_masasi aliandika:

Jammy-updates ni ya jana usiku. Ahsante mkuu moyo umerudi.

mwl_shangani aliandika:

Yangu jammy-updates inasema 23 Feb 2024. Jammy-security nayo ni ya siku hizo hizo.

Kwa hiyo toka wakati huo hawa watoto wanatumia mashine ambazo hazijazibwa kitu. Na kila mara mimi nilikuwa naziambia ziapdetiwe na zinanijibu ziko sawa.

fundi_ndoro aliandika:

Ndio mwalimu, na sio uzembe wako, ulifanya kila kinachotakiwa. Hata ile huduma ya kujiapdeti yenyewe kila siku, unattended-upgrades, inasoma anuani hizo hizo, kwahiyo nayo ilikuwa inaamka, inauliza, inaambiwa hakuna kitu, inalala.

Na swali lako la Firefox jibu lake ni hili: kwenye 22.04 Firefox ya Ubuntu inakuja kama snap (pakeji za aina nyingine), na snap haipiti kwenye mira, inatoka moja kwa moja kwenye stoo yao wenyewe. Ndio maana brauza ilikuwa inapanda huku kerneli (kiini cha mfumo), openssl, sudo na vingine vyote vimebaki nyuma. Hii ni mbaya kwa sababu kitu ambacho mtu anakitazama kila siku ndicho kinachomuonyesha kwamba mambo yanaenda.

Kuna kitu kingine kwenye mistari yako kimenikera. Ubuntu ukiiweka kwa kawaida, mstari wa security unaelekea security.ubuntu.com, hata kama mengine yanaenda mira ya nchi. Aliyekuwekea hizo mashine alibadilisha anuani zote kwa mkupuo, na wa security ukaondoka nao. Angeuacha ule mmoja, hiyo mira ingeganda lakini viraka vya usalama vingeendelea kuja na tusingekuwa na uzi huu leo. Wakuu mnaowawekea watu Linux huku kwetu, nawaomba sana, badilisheni mira ya vitu vingine mnavyotaka ila mstari wa security msiuguse.

Kabla hujabadilisha chochote thibitisha kwa kulinganisha na mkubwa mwenyewe, inakula kilobaiti mia na kitu tu:

wget -qO- http://archive.ubuntu.com/ubuntu/dists/jammy-updates/InRelease | grep ^Date

Ikitoa tarehe ya leo au jana, kesi imeisha. Hapo weka nakala ya faili, sudo cp /etc/apt/sources.list /etc/apt/sources.list.zamani, kisha fungua sudo nano /etc/apt/sources.list. Mistari ya jammy, jammy-updates na jammy-backports weka http://archive.ubuntu.com/ubuntu, na wa jammy-security weka http://security.ubuntu.com/ubuntu. Hifadhi, sudo apt update, safari hii utaona Get badala ya Hit.

kilwa_masoko aliandika:

Kwani apt haina namna ya kujua kwamba orodha ni ya kale? Mimi natumia Debian 12 (Linux nyingine) na wiki iliyopita ilinigomea kabisa, iliandika Release file for … is expired, Updates for this repository will not be applied. Nikatafuta mtandaoni nikaambiwa niweke Acquire::Check-Valid-Until=false na ikakubali.

fundi_ndoro aliandika:

Ndugu yangu toa hiyo kitu leo leo.

Debian kwenye ghala lao la security na lile la updates wanaandika ndani ya faili tarehe ya mwisho ya kutumika, inaitwa Valid-Until. Ikipita hiyo tarehe na mira haijaleta faili mpya, apt inakataa na kupiga kelele. Ile kelele ndiyo apt ikifanya kazi yake, na wewe umeizima. Sasa hivi uko kwenye hali ile ile ya mwalimu, mira imeganda na mashine imenyamaza, tofauti ni kwamba wewe ulikuwa umeonywa. Ubuntu wao kwenye ghala zao hawaweki hiyo tarehe ya mwisho, ndio maana kwa mwalimu kulikuwa kimya moja kwa moja.

Hili jambo sio la kubuni. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Arizona walionyesha kwamba mtu akimiliki mira hana haja ya kuchezea pakeji hata moja. Saini za kidijitali zinamzuia kukuwekea kitu feki, hilo kweli, ila anaweza kukupa orodha ya zamani yenye saini halali kabisa, wewe ukabaki na mashimo ambayo dunia nzima inayajua. Mira ya mwalimu imekufa tu bila ubaya wa mtu, lakini matokeo kwenye mashine ni yale yale.

Wewe weka deb.debian.org kwa vya kawaida na security.debian.org kwa security, halafu uondoe ule mstari wa Check-Valid-Until. Ila kwanza angalia saa ya kompyuta yako, andika date tu. Betri ndogo ya ubaoni ikifa saa inaruka, ikiruka mbele apt itadhani faili zime-expire, ikirudi nyuma itakuambia faili bado haijaanza kutumika, is not valid yet. Huku kwetu umeme ukikatika na laptopu betri imechoka hiyo inatokea sana.

kilwa_masoko aliandika:

Saa iko sawa. Nimebadilisha nikatoa ule mstari, imeshusha za security nyingi sana. Shukrani sana mkuu, nilikuwa naona ile amri ni tiba kumbe nilikuwa nafunga mdomo mlinzi.

bi_mikindani aliandika:

Naomba kutofautiana kidogo na fundi. Kuwapeleka wote seva kuu ni gharama kwetu. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika mimi nilikuwa nafanya kazi ya kuingiza data za korosho za chama cha msingi, kila kitu cha nje ya Afrika kilikuwa kinatambaa. Mira ya karibu ina faida yake, tusiwatishe watu waziache zote.

fundi_ndoro aliandika:

Dada uko sahihi na nakubali. Mira ya karibu ikiwa hai ni bora, kwa spidi na hata kwa kuwapunguzia mzigo wale wakubwa. Ninachopinga ni mtu kuichagua kwa spidi tu na kuiamini milele. Mira iliyoganda mara nyingi ndiyo yenye spidi kuliko zote maana haina kazi nyingine! Ubuntu wana ukurasa kwenye Launchpad unaoorodhesha mira rasmi za kila nchi na mbele ya kila moja wameandika kama iko apdeti au imechelewa na kwa muda gani. Chagua hapo, kisha endelea kupiga ile grep ^Date mara kwa mara. Ikionyesha jammy-updates ina zaidi ya wiki mbili, hama.

Wa Linux Mint wao wamerahisishiwa, kile kidirisha cha Update Manager kinaangalia umri wa mira na kukuonya ikichelewa. Ila ukizoea kutumia terminali peke yake hilo onyo hulioni, kwahiyo kifungue siku moja moja.

newala_juu aliandika:

Mimi niko 24.04, faili yangu ya sources.list haina kitu kabisa, na apt upgrade inaniambia deferred due to phasing kwa pakeji kadhaa. Hii nayo ni mira mbovu?

fundi_ndoro aliandika:

Hapana, ya kwako ni nzima. Kwenye 24.04 anuani zimehamia /etc/apt/sources.list.d/ubuntu.sources, ndio maana ile ya zamani ni tupu. Na phasing ni utaratibu wa Ubuntu wenyewe, apdeti ya kawaida wanaitoa kwa asilimia ndogo ya kompyuta kwanza, wakiona haijaleta shida wanaongeza mpaka inafika kwa wote. Apdeti za usalama hazipitishwi kwenye foleni hiyo. Wewe subiri tu, usilazimishe.

Na ukikutana na Hash Sum mismatch au ile inayouliza Mirror sync in progress?, hapo umeikuta mira katikati ya kupokea mzigo, rudi baada ya saa moja mbili. Ikiendelea kesho yake ndio uihame.

mwl_shangani aliandika:

Wakuu, nimebadilisha mashine moja kama fundi alivyoelekeza. Get zimekuja za kutosha, Candidate ya openssh-client imeruka ikapita hiyo 0.10. Sasa inataka kushusha mamia ya megabaiti, na mimi mashine ni nyingi. Nikizidisha kwa zote bando la shule haliwezi, na mwalimu mkuu hatanielewa.

bi_mikindani aliandika:

Mwalimu hapo tumia apt-cacher-ng. Chagua mashine moja yenye diski nzuri, sudo apt install apt-cacher-ng, ipe anuani isiyobadilika kwenye rauta, tuseme 192.168.1.10. Kwenye zile nyingine tengeneza faili /etc/apt/apt.conf.d/01proksi yenye mstari huu mmoja:

Acquire::http::Proxy "http://192.168.1.10:3142";

Mashine ya kwanza ikishusha pakeji inabaki kwenye diski ya ile kubwa, za pili na kuendelea zinachukua humo ndani bila kugusa intaneti. Hizo anuani ziache kwenye http usibadilishe kuwa https, maana za https haiwezi kuzihifadhi. Usalama hauondoki, saini bado inakaguliwa na kila mashine yenyewe.

fundi_ndoro aliandika:

Ushauri mzuri sana huo. Naongeza, ya kwanza ishushe kwa bando la usiku bila kuweka, sudo apt upgrade --download-only, kisha asubuhi umeme ukiwa umetulia ndio uweke. Umeme ukikatika katikati ya kuweka usiogope, ikiwaka andika sudo dpkg --configure -a itamalizia ilipoishia. Na baada ya kerneli mpya lazima uiwashe upya, bila hivyo bado inaendesha ile ya zamani.

mwl_shangani aliandika:

Nimefanya kama bi_mikindani alivyosema. Ya kwanza ilishusha usiku, za pili zimechukua kwa sekunde, watoto wenyewe wamesimama wanaangalia. Dada Mungu akubariki, na wewe fundi.

Swali la mwisho, hiyo mashine ya akiba yenyewe haiwezi kuganda kama ile mira? Na siku nikiizima zile nyingine zitasema ziko apdeti?

bi_mikindani aliandika:

Ukiizima mwalimu hazitanyamaza, zitaandika Err na Could not connect to 192.168.1.10:3142, utaona mwenyewe. Kuganda inaweza kutokea kwa nadra, kwahiyo ile grep ^Date ipige kwenye mashine ya mwanafunzi yoyote mojawapo, na sio kwenye ile kubwa, kwa sababu unataka kuona kinachofika mwisho wa mstari. Ubandike hiyo amri ukutani pale maabara, mfundishe na kiongozi wa darasa, Ijumaa anaipiga anakuletea tarehe kwenye karatasi.

mwl_shangani aliandika:

Nimeshambandikia. Leo jammy-security imesoma ya asubuhi hii. 22.04 ina apdeti mpaka 2027 kwa hiyo tuna muda wa kujipanga kuhamia 24.04, hilo nitakuja kufungua uzi wake.